Inchi Nne na Nusu

Jumanne ya pili baada ya Idi, Abilahi Likwata alianguka mlangoni mwa gari lake mwenyewe.

Mdogo wake, Khamisi, alikuwa amemkumbatia kifuani akijaribu kumpandisha kwenye kiti cha mbele. Mkewe, Hafsa, alikuwa upande wa pili, amepiga magoti kwenye kiti cha dereva, anavuta mkono wa shati. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri tu. Kandambili ya Khamisi ikateleza kwenye tope, shati likachanika begani, na mzee wa watu akashuka taratibu, mgongo ukiburuza ubavuni mwa gari, mpaka akakaa kwenye dimbwi. Hakuumia. Hilo Hafsa alilijua mara moja, maana alimwona ametazama mbele, macho makavu, kama mtu anayengoja basi kwenye benchi. Kilichomtisha ni kwamba hakunyoosha hata mkono wake mzima ili ainuliwe.

"Kaka, nisamehe," Khamisi alisema, akihema. "Ni hizi kandambili, kaka."

Wakamwinua, wakamrudisha ndani. Hafsa akamvua, akamkogesha mara ya pili asubuhi ile, akamfunga msuli mkavu. Alipokuwa anamlaza, Abilahi akageukia ukutani.

"Siendi," akasema.

Maneno mengi siku hizi yalimtoka vipandevipande, lakini hilo lilimtoka zima.

"Huendi leo?"

"Siendi."

Hafsa akasimama pale na taulo mkononi. Alitaka kumbembeleza, akatafuta nguvu za kufanya hivyo, hakuziona. Akatoka nje akaanike shati.

Abilahi alikuwa mwendesha greda. Miaka thelathini na mmoja alikaa juu ya mashine ile ya njano, akisawazisha barabara za vumbi za Lindi na Kilwa, na ni wachache wanaosafiri kati ya Nangurukuru na Mtama ambao hawajapita mahali alipopita yeye na kisu cha greda lake. Hata mke alimpata barabarani. Kambi yao ilikuwa imepigwa Njinjo, karibu na kwa kina Hafsa, naye Hafsa alikuwa binti mwenye cherehani barazani. Abilahi akaleta ovaroli iliyochanika goti. Wiki iliyofuata akaileta tena, imechanika kwapani. Mara ya tatu Hafsa akaiangalia vizuri akaona kitambaa hakikuchanika, kimekatwa kwa wembe. Aliishona, akamwambia mama yake kwamba yule bwana wa greda bila shaka ataleta watu.

Miaka yote hiyo ya kutengeneza njia za magari ya wenzake, yeye hakuwa na gari. Alipostaafu, wakiwa wamekwisha kuhamia kwao Mchinga na binti yao Warda amekwisha kuolewa Songea, akaagiza gari. Lilikuwa gari la juu la Kijapani, la kijivu, limetumika huko lilikotoka, lakini kwao lilikuwa jipya kabisa. Kila likiwashwa, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye redio ikasema jambo kwa Kijapani, na Hafsa, siku ya kwanza, kwa kutojua, akaitikia, "Waalaikum salaam." Abilahi akacheka mpaka akalazimika kuzima injini.

Abilahi hakutaka fundi. "Mimi nimefungua greda porini na mvua inanyesha," alikuwa akisema, "nitashindwa na hiki?" Akajenga banda la makuti mbali na minazi, nazi zisije zikaangukia kioo. Akafunga keria juu ya paa na ngao mbele. Akafua bati la pipa mpaka likanyooka, akalifunga chini ya injini liikinge na mawe. Kila Jumamosi alilala chali chini ya gari na ndoo ya maji baridi, akiosha chumvi inayoletwa na upepo wa pwani, kisha akapaka oili iliyokwisha kutumika, maana kutu ya Mchinga, alivyosema, haina subira.

Na Hafsa hakukaa kando. Kava za viti alizishona yeye, za turubai la kijani, kwa sindano ya magunia. Kiti cha mbele akakiongezea sponji nene, kwa sababu mgongo wa Abilahi ulikuwa umeharibiwa na kiti cha greda na mzee alihitaji mahali laini pa kukaa siku Hafsa atakapomwendesha. Ndiyo, Hafsa alikuwa ameanza kujifunza kuendesha. Alikuwa amefika gia ya pili.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kulinyanyua gari. Abilahi alichongesha Lindi vipande vinne vya chuma, vya mviringo, vinene, akaviingiza kwenye springi, kila gurudumu kimoja, gari likapanda inchi mbili. Akavua tairi zilizokuja nalo, akazifunika kwa magunia nyuma ya banda, akafunga nyingine kubwa, likapanda inchi moja zaidi. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu. Alikuwa na sababu. Ndugu pekee wa Hafsa aliyebaki, dada yake Imani, alikuwa bado Njinjo, na barabara ya Njinjo wakati wa masika Abilahi aliijua kuliko mtu yeyote.

"Masika haya, Mama Warda," alimwambia, akifuta mikono, "nakupeleka kwenu. Na viatu vyako havigusi tope."

Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, Abilahi akiwa anakaza bolti za keria, Hafsa akiwa kwenye cherehani, akasikia spana imeanguka. Akaendelea kushona. Ikaanguka tena. Ilipoanguka mara ya tatu akanyanyua kichwa, akamwona mumewe amesimama akiutazama mkono wake wa kulia, ana uso wa mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na sehemu kubwa ya maneno.

Tangu hapo siku za Hafsa zilikuwa zinaanza kabla ya adhana. Kumgeuza, kumkogesha, kumvalisha, uji. Na kabla ya uji, gari. Abilahi hakukubali kufungua mdomo mpaka gari lishughulikiwe. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akinyoosha mkono wa kushoto, na Hafsa akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akaja nacho mpaka mlangoni amwoneshe. Abilahi akaangalia alama, akaitikia kwa kichwa. Kisha maji ya rejeta. Kisha vichwa vya betri, visiote ule unga mweupe. Kisha injini ikaunguruma dakika kumi, mwanamke wa Kijapani akisalimia. Jumamosi, Hafsa, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu, alilala chini ya gari na ndoo ya maji baridi. Baada ya yote hayo ndipo alipokaa kwenye cherehani kushona sare za shule za watoto wa watu.

Warda alipiga simu kila jioni. Alikuwa na mapacha wa miezi saba; kuja hakuweza.

"Mama, lakini unapumzika?"

"Napumzika," alijibu Hafsa, simu kaibana kwa bega, mikono imo kwenye beseni la mashuka.

Tumaini lao lilikuwa siku ya Jumanne. Siku hiyo Khamisi, ambaye ni dereva wa lori la chumvi na Jumanne huwa hana safari, alikuja kuwapeleka Lindi, hospitalini, kwa dada mmoja aitwaye Angela anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Kwa Angela, Abilahi alikuwa amefika mahali pa kusimama kutoka kwenye kiti bila kushikwa. Lakini kufika huko ilibidi abebwe. Mlango wa gari ulikuwa juu, kiti kilikuwa juu zaidi, naye alikuwa mtu mrefu, mzito. Kila Jumanne alisukumwa na kuvutwa kama gunia la korosho, majirani wanaangalia wakijifanya hawaangalii. Na sasa alikuwa ameangushwa.

Siku ileile Khamisi alimfuata Hafsa uani, kwenye kamba ya nguo.

"Shemeji, tuliuze."

Hafsa akaendelea kubana shati.

"Yupo mtu wa Mtama, mnunuzi wa korosho, anatafuta gari kama hili. Ananipigia simu tangu mwezi uliopita. Tukiliuza mnanunua gari dogo la chini, kaka anaingia bila taabu, na wewe hulali tena chini ya gari. Mimi nakwambia kama ndugu. Unakwisha, shemeji."

"Najua."

"Basi nimlete?"

Shati lilikuwa limechanika toka begani mpaka mfukoni. Hafsa alikuwa akifikiri kwamba hata hilo itabidi alishone yeye. "Mlete," akasema.

Alhamisi mtu wa Mtama akaja. Aliitwa Valerian, bwana mnene, mpole, aliyevua kofia kabla ya kufika barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Maa... ba," Abilahi akaitikia kutoka kwenye kiti chake.

Alikuwa ameambiwa. Hafsa alimweleza usiku wa jana yake, naye akasema, "Uza." Asubuhi hiyo hakuomba kuoneshwa oili.

Valerian alizunguka gari, akainama, akachungulia chini, na kila alichokiona kilimpendeza zaidi. Mashamba anakonunua korosho yalikuwa ndani, njia mbovu, na gari lililonyanyuliwa namna hii alikuwa amelitafuta mpaka Masasi.

"Hizi springi nani kazifanya?" akauliza.

Khamisi akamgeukia shemeji yake. Hakujua.

"Ni vyuma vinne, vimechongwa Lindi," alisema Hafsa. "Viko juu ya springi. Zenyewe hazikuguswa, usiogope."

"Na huku chini kuna bati?"

"La pipa. Lina bolti sita. Ukimwaga oili unafungua mbili za mbele tu, linaning'inia."

Valerian akamtazama tena, kwa adabu, kama mtu anayemwona upya. Akauliza habari za betri, na Hafsa akajibu. Akauliza kwa nini boneti ina mpira mpya pembeni, akajibu hilo pia. Hapo ndipo Abilahi alipoanza kusema kitu.

"Ku... ku..." Mkono wa kushoto ulipiga mkono wa kiti. "Chi... ni. Ku..."

"Anasemaje mzee?" Valerian akauliza.

"Hakuna," alisema Khamisi, taratibu, si kwa ubaya. "Kachoka tu."

Abilahi alijaribu kunyanyuka. Alitanguliza kifua kama Angela alivyomfundisha, akaegemea mkono mmoja, akasimama, miguu inatetemeka, jasho linamtoka kipajini, na mate kidogo pembeni ya mdomo. "Ma... ji. Maji. Bari... di. Kila..."

"Kutu," alisema Hafsa. "Anasema kutu. Lioshwe chini kila Jumamosi, kwa maji baridi, hata kama Mtama hakuna bahari, kwa sababu chumvi ya huku bado imo. Ukiacha mwezi mmoja tu itakula maungio."

Abilahi akamtazama mkewe, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. "Na... oili."

"Na upake oili iliyotumika."

"Bra... shi."

"Kwa brashi, si kwa kitambaa."

Ikawa hivyo nusu saa nzima. Abilahi alisimama, akachoka, akakaa, akasimama tena. Alieleza mlango wa nyuma unaong'ang'ania, akaeleza taa ya kushoto, akaeleza jinsi ya kulizoesha gari kupanda mlima wa mchanga bila kuchimba. Alisema nusu ya neno na Hafsa akamalizia. Valerian akawa anaitikia "naam, mzee" kwa moyo wote. Alipoondoka alisema atarudi Jumatatu na pesa mkononi, akashikana mikono na Abilahi, mkono wa kushoto kwa wa kushoto.

Gari la mgeni lilipokwisha kushika lami, Abilahi alifunga macho. Alikaa vile mpaka adhuhuri. Hafsa alimletea chakula, akala vijiko vitatu tu. Na jioni Warda alipopiga simu, akatikisa kichwa kwamba hataki kuongea.

Hafsa alikaa naye barazani, miguu ameinyoosha, amechoka hata kufukuza mbu. Alikuwa anakumbuka kwamba kwa wiki mbili nzima mumewe hakuwa amesema maneno kumi, na leo alikuwa amesema, kwa hesabu ya haraka, zaidi ya arobaini. Na alikuwa amesimama mara nne. Kwa lile gari dogo la chini, lisilo na historia yoyote mikononi mwao, angesema nini? Angemwambia nani, "bra... shi"?

Akainuka, magoti yakalia. Akachukua futi kamba yake ya kushonea kutoka kwenye cherehani, akaenda bandani.

Angela alikuwa amewahi kumwambia: mzee asikanyage ngazi, mguu wa kulia bado haumwamini. Ageuze mgongo, akae kwanza, halafu ndiyo miguu iingie. Na kwa sasa, kiti cha juu kabisa anachoweza kukalia na kukiinukia ni inchi ishirini na tano. Hafsa akapima kutoka ardhini mpaka ukingo wa kiti cha mbele. Ishirini na tisa na nusu. Akapima mara ya pili. Kisha akaibonyeza ile sponji aliyoishonea ndani ya kava kwa mapenzi, akapima unene wake: inchi moja na nusu. Vyuma vya springi, mbili. Tairi, moja.

Alirudi barazani akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Warda, gari hatuliuzi. Tunalishusha."

Abilahi alifungua macho. Akaelewa mara moja. Ya gari aliyaelewa kabla hujamaliza kusema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nji... njo."

Hafsa akakaa kwenye ukingo wa baraza. Alikuwa amelitarajia neno hilo, na bado lilimchoma. "Njinjo kuna nini? Da Imani ana miguu miwili mizima, na mabasi yapo. Akinitaka atakuja."

"Nili... ahi... di."

"Uliniahidi, nami nimekusamehe ahadi. Na wewe nisamehe springi zako."

Upande mmoja wa mdomo wa Abilahi ulipanda kidogo. Ule mwingine ulibaki pale pale. Ilimchukua muda mrefu kutamka alichotaka kutamka, na Hafsa, aliyekuwa na sufuria jikoni, alisubiri.

"Anza... nyu... ma," akasema. "Nyu... ma."

"Nianzie magurudumu ya nyuma."

Akaitikia kwa kichwa.

Khamisi alipopigiwa simu alikasirika. Alikuwa ameshampa mtu neno, alisema, na sasa ataonekana mhuni Mtama yote. Hafsa alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Jumamosi asubuhi alikuja na jeki ya lori, amekwisha kumwambia Valerian asije, bado amenuna, akaiweka chini kwa kishindo.

"Shemeji, hii kazi ya wanaume watatu."

"Basi wewe uwe wawili."

Walimweka Abilahi kwenye kiti chake ndani ya banda, karibu kabisa, mto nyuma ya mgongo. Walipiga jeki, wakaegemeza gari juu ya magogo ya mnazi. Khamisi alivua tairi. Hafsa, ambaye mikono yake ilikuwa midogo, aliingia chini. Abilahi aliongoza kwa fimbo: alinyoosha, akagonga, akasema "si hiyo", akasema "ya pili". Walifungua shokapu kwa chini, wakashusha jeki kidogo, springi ikalegea, Hafsa akaingiza mkono akatoa chuma cha kwanza. Kilikuwa kimeanza kufanya kutu ukingoni. Akampa Abilahi, naye akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakiweka pajani, akakipapasa mviringo wake wote kwa kidole gumba.

Walipofika upande wa pili, bolti iligoma. Khamisi alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akasema ngoja akatafute bomba la kurefushia spana, akaenda. Hafsa alibaki chini na kujaribu tena. Spana ikachomoka, kifundo cha mkono kikagonga chuma, ngozi ikachunika. Alitoka chini ya gari kwa kujiburuza, vumbi la kutu machoni, akaitupa ile spana mpaka ikagonga nguzo ya banda.

"Nimechoka!" alisema. "Baba Warda, nimechoka. Nimechoka na hili gari, nimechoka na mashuka, nimechoka na watu kuniambia pumzika. Silali. Hata nikilala nasikiliza kama unapumua. Nimechoka!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema tangu ule mwezi wa kumi na mbili. Kuku waliokuwa bandani walikuwa wametoka mbio. Alikaa chini kwenye mchanga, akaufunika uso kwa mikono yenye grisi, akalia kama mtu anayetapika, bila kujizuia na bila raha.

Abilahi hakujaribu kuinuka. Alisubiri mpaka sauti ya mkewe ikapungua.

"Najua," akasema. Kisha, baada ya muda, "Na... mimi."

Hafsa akajifuta kwa pindo la kanga. Grisi ilikuwa imemchora shavuni, na Abilahi alipoonesha kwa kidole, Hafsa akajifuta shavu la upande wa pili.

"Ta... a," akasema halafu. "Mafuta. Taa. Kwenye... nati. Ke... sho."

Aliposhindwa na bolti porini, ndivyo alivyofanya siku zote: aliimwagia mafuta ya taa, akaiacha ilale, akarudi kesho. Hafsa akaileta chupa, akamimina. Khamisi aliporudi na bomba aliwakuta wamekaa wanakunywa chai ya tangawizi, gari liko juu ya magogo, mguu mmoja hauna tairi.

"Vipi, mmeacha?"

"Mpaka kesho," alisema Hafsa. "Chukua kikombe."

Jumapili bolti ilifunguka kwa mkono mmoja. Mbele kulikuwa na nati tatu chini ya boneti na bolti mbili kila gurudumu, na kwa kuwa walikwisha kujua kazi inavyokwenda, hawakuhangaika sana. Ila mvua iliwafukuza mara mbili na ile jeki ya lori ilimbana Khamisi kidole. Tairi za zamani zilifukuliwa kwenye magunia, mende wakakimbia. Jumatatu Hafsa alitumia wembe kufumua mishono ya kava ya kiti cha mbele. Alikuwa ameishona kwa uzi wa mashua, mara mbilimbili, isifumuke milele. Sponji aliitoa, akairudisha kava, ikapwaya. Hakuwa na nguvu za kuipunguza. Akaiacha inapwaya.

Khamisi aliliangalia gari kutoka mbali. "Limekuwa kama gari la mwalimu," akasema.

Jumanne, Abilahi alivalishwa shati lililoshonwa bega. Alitembezwa mpaka mlangoni mwa gari, Khamisi upande huu, mkongojo upande ule. Akageuka, mgongo kitini. Khamisi akafungua mikono tayari kumdaka.

"Muache," alisema Hafsa.

"Ataanguka, shemeji."

"Muache kwanza."

Abilahi alipeleka makalio nyuma, akatafuta ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, akaupata. Akakaa. Ilikuwa kukaa kubaya, nusu ya paja ilikuwa nje, na kava iliyopwaya ilimteleza. Akajisogeza, akapumzika, akajisogeza tena. Sasa mguu wa kulia. Aliushika kwa kitambaa cha suruali gotini, akaunyanyua, kitambaa kikamponyoka, mguu ukadondoka. Akautazama. Akashika tena, safari hii kwa kupitisha mkono chini ya goti, akauingiza. Wa kushoto ukafuata wenyewe. Akavuta mlango. Haukufunga vizuri. Akaufungua, akauvuta kwa nguvu, ukafunga.

Khamisi alizunguka kwenda kwenye usukani akiwa amekunja midomo, anafuta uso kwa bega la shati.

Hafsa alipanda nyuma na mkoba wenye taulo, maji na kadi ya hospitali. Redio ikasalimia kwa Kijapani. Walishika lami, upepo ukaingia, na mbele ya macho yake mikorosho na minazi ikawa inapita, inapita. Alikuwa na nia ya kumwuliza Abilahi kama mgongo unamuuma bila ile sponji. Alifikiri ataliuliza wakifika kwenye daraja. Hakuliona daraja.

Alipozinduka shingo ilikuwa imekakamaa na mdomo mkavu. Gari lilikuwa limesimama kwenye kivuli, injini imezimwa, vioo vimeteremshwa robo. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Akanyanyuka akachungulia, akaona uwanja wa hospitali, na ng'ambo, kwenye ile baraza ndefu yenye bomba la kushikia, akamwona mumewe. Khamisi alikuwa nyuma yake amebeba mkongojo. Angela alikuwa pembeni, mkono karibu na mgongo wa Abilahi lakini haumgusi. Abilahi alilishika bomba kwa mkono wa kushoto, akapeleka mguu mmoja, akasita. Akauvuta ule mwingine.

Walikuwa wamemshusha bila yeye, na hakusikia hata mlango. Au alishuka mwenyewe, hakujua. Kadi ilikuwa haimo mkobani, walikwisha kuichukua. Aliona inampasa ateremke, awafuate, ashike taulo, asikilize maagizo ya wiki ijayo. Akaushika mkono wa mlango.

Akauachia. Akaukunja mkoba, akauweka chini ya kichwa, akanyoosha miguu kwenye kiti kizima cha nyuma, juu ya turubai la kijani, akalala.